Orodha Iliyoachwa Nje

Sura ya Tano

Jumatatu asubuhi, siku ya nne tangu boti iitwayo Mapendo izame, Inspekta Émilienne Malisawa alimkuta Ntagwabira amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yake, pale pale alipomkuta Jumamosi na Jumapili jioni. Kofia yake ilikuwa magotini. Alisimama akamsalimu kwa mikono miwili, kisha akauliza swali lile lile.

"Mama Inspecteur, ile disque mulisema Ijumaa, mulishafungua?"

Alimjibu kwamba wataifungua leo. Hakumtazama usoni alipokuwa akijibu.

Ntagwabira alikuwa mfugaji aliyeshuka kutoka milimani miaka miwili iliyopita, akapanga nyumba katika mji wa Baraka na mke wake Nyiramana na binti yao Umwiza mwenye miaka tisa. Alhamisi mama na binti walikwenda pwani kupanda Mapendo kuelekea rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ziwa, kununua ndakala, dagaa wa ziwani, wa kuuza. Boti ilizama kabla ya kufika. Watu kumi na sita waliokolewa, maiti kumi na tisa zilipatikana, na Nyiramana na Umwiza hawakuwa miongoni mwa hao wala wale. Mwenye boti, Déogratias Lubunga, alikuwa ameipa polisi karatasi yenye majina thelathini na manane, na majina yao hayakuwemo. Asiyekuwa kwenye orodha hakuwa ndani ya boti. Ndivyo Déogratias alivyosema, na mpaka asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumkatalia. Familia kumi na mbili zilikuwa zikilia watu ambao kisheria hawajapotea.

Kulikuwa na orodha nyingine, ile ya kweli. Kila boti iliyoondoka kwenda Ubwari iliandikishwa na chama cha Tupendane, katika chumba kimoja cha matofali kinachotazama maji. Katibu wa chama, Suzanne Mauwa, aliandika kwa mkono jina la kila abiria, kijiji chake na simu ya ndugu yake. Boti ikishaondoka, alipiga picha kurasa hizo kwa skana na kuziweka kwenye kompyuta. Saa sita mchana kompyuta yenyewe, bila kuambiwa na mtu, ilijinakili kwenye disiki ndogo iliyokuwa kando yake. Mapendo iliondoka saa tatu na nusu asubuhi. Alasiri, mji mzima ukiwa umesimama ufukweni kungojea maiti, mtu alivunja mlango wa Tupendane, akachukua rejista zote kabatini na kompyuta mezani. Disiki aliiacha.

Émilienne ndiye aliyeiokota Ijumaa asubuhi. Aliitia kwenye bahasha, akaenda ufukweni na kuwaambia watu kwa sauti kubwa kwamba orodha iko salama. Kwa sababu aliamini maneno yake mwenyewe, siku hiyo hakupekua nyumba ya mtu yeyote. Jumamosi na Jumapili alikuwa Fizi kwa ajili ya kesi nyingine, akirudi jioni tu, na bahasha ililala kwenye droo.

Placide Wilondja, fundi wa kompyuta, alikuwa na kibanda karibu na soko, kimejaa simu zinazochajiwa kwa umeme wa jua. Yeye ndiye aliyewawekea Tupendane mfumo wa kujinakili, mwaka uliopita. Émilienne alikuja na polisi kijana aliyeitwa Dany, akamwomba Placide aifungue disiki mbele yao wote wawili, asiguse kitu mpaka aambiwe.

Dosie, yaani mafolda ya disiki, zilionekana moja baada ya nyingine. Barua za chama. Ripoti za mikutano. Vibali vya boti. Kwaya. Placide alishuka na kidole mpaka chini, akarudi juu, akashuka tena.

"Liste za abiria haziko," alisema.

"Za Alhamisi?"

"Za kila siku. Ya mwisho ni ya tarehe kumi na sita mwezi wa pili. Kisha hakuna."

Émilienne alimuuliza kama zimefutwa. Placide alitikisa kichwa. Alifungua faili moja dogo la maandishi, akageuza skrini ili mpelelezi alione. Ndani mlikuwa na mistari mitatu tu. Alieleza kwamba ule ni mpangilio wa mambo ambayo kompyuta imeambiwa isiyanakili. Mstari wa kwanza ulikuwa kapu la taka. Wa pili ulikuwa vitu vilivyoshushwa kutoka mtandaoni. Wa tatu uliandikwa *Liste Abiria*. Faili lilibadilishwa mara ya mwisho tarehe kumi na saba Februari, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi.

"Nani alibadilisha?"

"Mwenye alikaa pale. Mi niliwaonyesha njia tu. Disque ilikuwa inajaa, banalalamika kila siku, nikawaambia: muchague dosie zenye hazina maana, muweke alama, ordinateur, kompyuta yenyewe, itaziacha." Aliipangusa skrini kwa kidole. "Nilipaswa kurudia kuangalia nini walichagua. Sikurudia."

Émilienne alimwagiza Dany akae na Placide kibandani, kila neno liandikwe na kusainiwa, na fundi asitoke wala asipige simu mpaka yeye arudi. Kisha akaandika saa kwenye daftari lake: tatu na robo.

Waliokuwa na neno la siri la ile kompyuta walikuwa wawili, katibu na mwenyekiti. Alianza na mwenyekiti, kwa sababu Ijumaa watu walimwona Jérémie Etabo akinong'onezana na Déogratias nyuma ya magunia ya mihogo. Alimkuta nyumbani kwake, amevaa shati la kazi lakini hajaenda kazini. Jérémie alianza kutoka jasho kabla ya swali la kwanza. Hata hivyo tarehe kumi na saba Februari alikuwa Lulimba, kwenye matanga ya kaka yake; alikaa huko siku sita. Émilienne alimpigia simu mchungaji wa Lulimba aliyeongoza mazishi, naye akathibitisha bila kusitasita. Kama si Jérémie, jasho lilikuwa la nini? Émilienne alimuuliza hivyo hivyo. Jérémie akasema kwamba Ijumaa Déogratias alimletea karatasi ya majina thelathini na manane, akamwomba aweke sahihi na muhuri kwa niaba ya chama, eti polisi wana haraka. Aliweka vyote viwili. Hakuhesabu. Hakumuuliza Suzanne.

"Muhuri iko wapi?" Émilienne aliuliza.

Jérémie alimkabidhi muhuri ukiwa umefungwa kwa kitambaa, kama kitu kilichomchoma mkono.

Njiani kwenda Tupendane, nyuma ya pikipiki, Émilienne aliipanga hesabu yake. Mwizi alibeba kompyuta ya mezani, kitu kizito, mchana kweupe. Alibeba rejista tisa. Aliacha disiki inayoingia mfukoni, ambayo mtu yeyote anayetaka kuficha orodha angeichukua kwanza. Wala hakuisahau, maana kompyuta ilichomolewa nyaya zote na waya wa disiki ukawekwa vizuri kando. Aliiacha kwa sababu alijua haina orodha. Na alijua kwamba polisi wakiiona wataridhika, hawatatafuta kwingine. Na Ijumaa Émilienne mwenyewe alifanya hivyo hasa.

Basi asitafutwe anayejua kuvunja mlango. Atafutwe anayejua mstari wa tatu.

Mlango uliovunjwa wa Tupendane sasa ulishikiliwa kwa kamba. Suzanne Mauwa alikuwa ndani akifagia chumba ambacho hakikuwa na uchafu. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mjane, mwenye mwandiko mzuri ambao mji mzima uliujua, kwa kuwa yeye pia alikuwa katibu wa kwaya ya kanisa lake la Kiprotestanti. Émilienne alikaa kwenye kiti cha abiria, akamwomba naye akae. Suzanne alibaki amesimama na ufagio.

"Mama Suzanne, tarehe kumi na saba ya mwezi wa pili, asubuhi, nani alikaa ku ordinateur?"

"Ni mi."

"Tumefungua disque. Liste za abiria haziko. Lakini kwaya iko. Video ya kwaya inakamata nusu ya disque yote. Uniambie."

Suzanne aliutazama mlango, kisha meza iliyokuwa tupu. Alipoanza kusema, alisema taratibu, kama mtu anayesoma.

"Ordinateur iliniuliza nichague. Kila saa sita ilikuwa inaandika na rangi nyekundu, nafasi haitoshi. Placide akanionyesha: unaweka alama ku dosie yenye hutaki ichukue. Nikaangalia zote. Nikasema, za liste ziko na karatasi mu kabati, hazitapotea. Za kwaya hazina karatasi. Mama Rosette anaimba mule, naye alishakufa. Nikaweka alama ku liste. Ilikamata dakika moja."

"Ulimwambia Papa Jérémie?"

"Hapana. Video hazikuwa za chama. Niliona haya."

Émilienne aliandika yote. Halafu akauliza nani mwingine aliyejua. Suzanne akajibu hakuna, upesi mno. Mpelelezi hakubishana naye. Alimweleza tu, hatua kwa hatua, kuhusu kompyuta nzito na disiki nyepesi, kuhusu waya uliowekwa kando, na kuhusu kitu alichopaswa kukijua mtu wa namna hiyo kabla ya kuingia chumbani. Ufagio ulikuwa umesimama.

"Ijumaa asubuhi tuliingia humu pamoja," Émilienne alisema. "Uliona disque iko ku meza. Ukashika kichwa. Nilifikiri unalia juu ya benye kufa."

Hapo Suzanne akakaa.

Alisimulia kwamba Alhamisi, mchana, alikuwa ufukweni akilia pamoja na wengine. Déogratias, ambaye ni mdogo wa marehemu mume wake, alimjia, akamshika mabega, akamuuliza kama orodha iko salama. Alimjibu kwamba karatasi ziko kabatini na picha ziko kwenye kompyuta. Akamuuliza, na kwenye ile disiki je? Akamwambia kweli, kwamba kwenye disiki hamna, yeye mwenyewe aliziondoa tangu Februari, na sasa anajuta, afanye nini? Shemeji yake alimwambia atulie, aende kukaa na mama waliofiwa. Akaenda kukaa nao. Alipogeuka baada ya muda, Déogratias hakuwepo.

"Nilifikiri anauliza juu ya familia," Suzanne alisema. "Ili bajue watu babo."

"Na Ijumaa, ulipoona disque, ulijua ni yeye?"

Nje mtu alikuwa akiita abiria wa boti nyingine, akitaja vijiji vya Ubwari kimoja kimoja.

"Nilijua."

"Na ulinyamaza siku nne."

"Ni yeye analipia batoto yangu masomo. Na kama ningesema ya kwake, ningesema na ya kwaya." Alifuta uso kwa mkono wa gauni. "Kila asubuhi nilikuwa naona ule papa wa milima ku benchi yenu. Nilikuwa nabadilisha njia."

Neno la Suzanne peke yake lisingetosha. Déogratias angesema shemeji yake anatafuta wa kumtupia kosa. Émilienne alirudi kibandani kwa Placide, akahakikisha fundi hajatoka wala kupiga simu, akamwacha chini ya ulinzi wa polisi mwingine na kumchukua Dany awe shahidi. Walifika kwa Déogratias kabla ya saa saba.

Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na aliwapokea vizuri. Aliwapa viti barazani. Émilienne alimpa pole kwa boti yake, akamwomba arudie maelezo ya Alhamisi, naye akarudia bila kuteleza: abiria thelathini na wanane, upepo wa ghafla, mapenzi ya Mungu. Kuhusu wale wa milimani alisema kwa huruma kwamba watu wa kule huogopa maji, huenda yule mama alibadili nia akaenda kwingine. Dany aliandika.

"Na Mama Suzanne, mulionana naye lini mara ya mwisho?"

"Shemeji? Siku mingi. Toka mwezi uliopita. Hata ku matanga hii hatujaongea."

"Hata Alhamisi ku maji?"

"Hata."

Émilienne alitikisa kichwa kama aliyeridhika. Aliinuka, akarekebisha mkoba wake begani, akasema kama jambo la kuaga kwamba Tupendane walikuwa na disiki ya nakala, imefunguliwa leo, na kesho orodha itapelekwa parke ya Uvira, kwa mwendesha mashtaka, kwa hiyo Papa Déogratias asisumbuke tena.

Déogratias alitabasamu kidogo, kwa upole ule ule.

"Mama Inspecteur, mu ile disque hamuna liste."

Kalamu ya Dany ilisimama, kisha ikaandika.

"Nani alikuambia?"

Tabasamu lilibaki usoni muda mrefu kuliko lilivyotakiwa. Alisema ni fundi, Placide. Émilienne alimjibu kwamba Placide ameifungua disiki saa tatu asubuhi ya leo mbele ya polisi, na tangu hapo hajatoka wala kushika simu. Kabla ya hapo hata yeye hakujua kilichoachwa nje. Mwenyekiti hakujua. Polisi hawakujua. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyejua, na Papa Déogratias amekwisha kusema kwamba hajaongea naye.

Émilienne aliagiza nyumba ipekuliwe. Walipopekua, kompyuta ilikuwa chini ya nyavu kuukuu katika stoo, imepasuliwa na kung'olewa moyo wake, ile disiki ya ndani. Nyuma ya jiko, ndani ya pipa, palikuwa na majivu na nyaya tisa zilizojikunja, zile zinazoshika kurasa za rejista. Mama wa nyumba hiyo, alipoulizwa, alisema moto ule uliwashwa Jumamosi alasiri.

Jumamosi. Émilienne aliiandika siku hiyo kwenye daftari, akaipigia mstari chini, ingawa hakuwa na haja ya kukumbushwa kwamba Ijumaa karatasi zilikuwa bado nzima.

Suzanne alikuwa ameitwa kituoni saa tisa. Kabla ya lolote, aliomba karatasi tupu. Alisema ukurasa wa rejista una mistari ishirini na mitano, na Alhamisi alifika ukurasa wa tatu, mstari wa kumi na moja. Walikuwa watu sitini na mmoja katika boti ya watu arobaini. Aliwaandikisha wote, na mkono wake haukumkataza.

Kisha akaanza kuwataja. Hakuwakumbuka kwa mpangilio. Aliwakumbuka kwa mizigo yao, kwa nguo, kwa namna walivyotaja simu za ndugu zao. Mwalimu aliyebeba chaki. Ndugu wawili waliogombania nani aandikwe kwanza. Kijana aliyesema kazi yake ni mwanafunzi, kisha akasema hapana, andika mvuvi.

"Na mama moja wa milima na binti yake," alisema. "Jina ya mama ilinishinda kuandika. Mutoto akakamata bic, kalamu yangu, akaiandika yeye mwenyewe. Nyiramana. Na chini akaandika yake, Umwiza. Akauliza kama boti iko na choo."

Émilienne aliiacha kalamu mezani, akatoka nje.

Ntagwabira alisimama alipomwona. Émilienne alimwambia kwamba watu wake wawili walikuwa ndani ya boti, kwamba kuna shahidi aliyewaandika, kwamba kesho majina yao yataingia kwenye orodha na wapiga mbizi watatafuta tena upande wa Ubwari. Halafu akamwambia pia jambo ambalo halikuwa lazima: kwamba Ijumaa alimdanganya bila kujua, na kama siku hiyo angepekua badala ya kutangaza, karatasi yenye mwandiko wa mtoto ingekuwepo hadi sasa.

Mwanamume yule alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama aliyewaandika yuko ndani. Émilienne akasema ndiyo. Akauliza kama anaweza kumwona. Émilienne akasema si leo. Ntagwabira akavaa kofia yake, akashukuru, akaondoka kwa miguu kuelekea maji.

Saa kumi na nusu orodha ya Suzanne ilikuwa imefika majina arobaini na saba. Kumi na wanne waliobaki hawakumjia akilini, hata alipofumba macho. Émilienne alipanga karatasi, akamsomea maelezo yote dhidi ya Déogratias Lubunga, neno kwa neno, akamwonyesha pa kuweka sahihi.

Suzanne alisoma mwenyewe mara ya pili. Hakuishika kalamu.

"Kosa ya shemeji iko hapa. Ya Papa Jérémie iko. Yangu haiko."

"Wewe ni shahidi."

"Ni mi niliweka alama. Ni mi nilimwambia. Ni mi nilinyamaza."

Émilienne alikuwa amelifikiria jambo hilo mchana kutwa, kwenye pikipiki, barazani kwa Déogratias, hata mbele ya pipa la majivu. Alikuwa ameipitia sheria yote aliyofundishwa akitafuta mahali pa kuliweka. Kuchagua faili za kuacha si kosa. Kumjibu shemeji anayeuliza si kosa. Kunyamaza, kwa mtu ambaye hakuulizwa, hakungeitwa kosa na parke.

"Mama Suzanne, hii yako haina artikle ya sheria," alisema.

"Basi andika bila artikle."

Mpelelezi alimtazama. Kisha akavuta karatasi mpya, akaandika tarehe juu, na jina, na kazi, na mahali pa kuzaliwa, kama inavyotakiwa.

"Anza na ile asubuhi ya mwezi wa pili," alisema. "Uende polepole. Niko naandika na mkono."